Mkuu mpya, kocha mwenye nguvu na straika aliyekutwa na karatasi ya majibu

Msomaji mmoja ameniandikia hivi:

"Shikamoo mwalimu. Nimepewa shule ya sekondari mwaka huu, ndo mara yangu ya kwanza kuwa mkuu. Shule inajulikana kwa mpira, kocha yupo hapo miaka mingi na kiukweli anasikilizwa kuliko ofisi yangu. Wiki iliyopita straika wetu alikutwa na karatasi ya majibu kwenye soksi ndani ya chumba cha mtihani. Kanuni ya shule inasema wiki 2 za kusimamishwa masomo. Nusu fainali ni siku 9 kutoka leo. Kocha anaomba adhabu ianze baada ya mashindano, mwenyekiti wa bodi ameshanipigia simu, wazazi nao wanapiga. Walimu wamenyamaza tu wananiangalia. Nifanye nini, na baada ya hapo nitaiongozaje shule ambayo michezo ina nguvu kuliko mkuu? Halafu kijana mwenyewe nimwambie mimi au nimwachie kocha?"

Marahaba mwalimu, na hongera sana kwa kupewa shule. Naanza na jibu lenyewe maana siku 9 si nyingi. Adhabu ianze sasa kama kanuni inavyosema, kijana asicheze nusu fainali, na wewe na kocha mtoke kwenye hii kesi mkiwa bado mnaongea. Hayo matatu yanaenda pamoja. Ukimsimamisha kijana halafu ukamfanya kocha adui, utakuwa umemaliza kesi moja na kujitafutia vita ya miaka yote utakayokaa hapo, na ukimridhisha kocha kwa kusogeza adhabu utapoteza kitu kikubwa zaidi, nakuja nacho hapo chini.

Kwanza hakikisha kijana amesikilizwa. Kamati ya nidhamu ikae kesho au keshokutwa, aitwe yeye na mzazi wake, karatasi iwepo mezani, maelezo ya msimamizi wa mtihani yawepo kwa maandishi, na yeye aeleze kwa mdomo wake mwenyewe. Halafu fungua rejista ya nidhamu, rudi nyuma miaka miwili mitatu, uangalie waliokutwa na kosa kama hili walifanywaje. Wakuu wengi wapya hawaifungui hiyo rejista, na humo ndo kuna historia ya kweli ya shule kuliko makabidhiano yoyote uliyopewa. Ukikuta kuna binti mmoja asiyejulikana na mtu alikutwa na karatasi Jumatatu na Jumanne akawa yuko nyumbani, kesi yako imeshaamuliwa, maana huwezi kumwambia yule binti kwamba tatizo lake alikuwa hana mechi. Ukikuta kanuni ilikuwa inawabana wengine ila kwa wachezaji inasogezwa kila mwaka, itumie vilevile, na uiseme wazi mbele ya kamati kwamba sasa ni kwa kila mtu.

Nije kwenye walimu. Katika swali lako lote, kilichonigusa kuliko simu za mwenyekiti ni hilo la walimu kunyamaza. Walimu wakiwa na imani na ofisi huwa wanapiga kelele, watakuja kukuambia mkuu huyu kijana tumhurumie, mwingine atasema hapana, mtabishana na mtamaliza. Wakinyamaza maana yake wanadhani wanajua mwisho wake, wameshauona hapo kabla yako, na wanachosubiri ni kuona kama na wewe ni walewale.

Na kuna mtu mmoja hujamtaja kabisa, msimamizi aliyemkamata. Hebu mfikirie huyo mtu dakika ile. Ameona mkono wa kijana unashuka chini ya dawati mara ya kwanza, mara ya pili, anajua ni nani, anajua shule nzima inamwimba huyo kijana uwanjani, anajua kesho atapishana na kocha kwenye korido. Angeweza kugeuka akaangalia dirishani na hakuna mtu angejua. Akatembea mpaka pale, akamwomba avue kiatu, akajaza fomu, akasaini jina lake. Huyo mwalimu amekuamini wewe kabla hujafanya chochote cha kuaminiwa. Kabla hujaongea na mtu mwingine yeyote nenda kaongee naye, mshukuru, mwambie sahihi yake haitaachwa peke yake. Ukisogeza adhabu, yeye ndo wa kwanza kujifunza kitu, na wa pili ni wenzake wote, na mtihani ujao hakuna atakayetembea mpaka kwenye dawati la mchezaji. Nimesikia walimu wakisema hivyo kabisa, kwenye shule ambayo siitaji: "sisi wachezaji tulishaacha kuwakagua." Hiyo shule ilikuwa bado inachukua makombe.

Hii habari ya kuaminiana watu wengi wanaiona ni maneno ya semina, lakini imefanyiwa utafiti wa muda mrefu. Anthony Bryk na Barbara Schneider walifuatilia shule za msingi za Chicago kule Marekani miaka ya 1990, baada ya sheria ya 1988 iliyopeleka madaraka mengi kwenye shule zenyewe, na kazi yao ikatoka mwaka 2002. Walikuta shule ambazo walimu, wazazi na mkuu walikuwa wanaaminiana sana, karibu 1 kati ya 2 iliingia kwenye kundi la shule zilizopanda kwenye kusoma na hesabu. Zile ambazo kuaminiana kulikuwa chini sana ilikuwa 1 kati ya 7. Wakasema watu wanapimana kwa mambo manne, kama unaniheshimu, kama kazi yako unaiweza, kama unanijali mimi kama mtu, na kama unachosema ndo unachofanya. Na hapa ndo pa kusikiliza vizuri, wanasema ukipwaya vibaya kwenye moja tu, hayo mengine matatu yanaweza yasikuokoe. Unaweza kuwa mkuu mwenye heshima, mchapakazi, unayewajulia hali walimu wakiuguliwa, lakini wakiona kanuni yako inainama ikikutana na jezi, basi, kila tangazo utakalotoa watalisikiliza huku wanasubiri kuona litamhusu nani na halitamhusu nani.

Zilikuwa shule za watoto wadogo zile, hazina mashabiki. Kwenye sekondari yenye timu kali presha ni mara dufu, na ni vizuri uelewe inatoka wapi, maana ukidhani inatoka kwa kocha utapigana na mtu asiyehusika. Mwanasosholojia mmoja, James Coleman, alifanya utafiti kwenye sekondari 10 za jimbo la Illinois, akautoa mwaka 1961. Aliwauliza wavulana wangependa kukumbukwa shuleni kama nani, na waliotaka kukumbukwa kama nyota wa michezo wakawa wengi kuliko waliotaka kukumbukwa kama wanafunzi hodari darasani. Hilo labda hata wewe ungelikisia. Sababu aliyoitoa ndo ya maana: mchezaji akifunga, shule nzima imefunga, hata yule asiyejua kupiga mpira anarudi nyumbani kifua mbele. Lakini mwanafunzi akipata maksi 95 amewashinda wenzake wa darasani, amewafanya waonekane wavivu, kwa hiyo mmoja anashangiliwa na mwingine anaambiwa anajipendekeza kwa walimu.

Kwa hiyo kocha wako hajaiba nguvu za ofisi. Yeye ndo mtu pekee hapo shuleni anayewapa watu wote kitu cha kufurahia pamoja, wanafunzi, wapishi, walinzi, wazazi, mpaka huyo mwenyekiti wa bodi. Ofisi yako inawapa nini cha kufurahia pamoja? Swali hilo kaa nalo, nitalirudia.

Sasa hoja watakazokuletea. Ya kwanza ni "unaua kipaji, maskauti wanakuja kwenye nusu fainali." Inauma kuisikia hiyo, hasa ikisemwa na mama mtu, na usiijibu kwa ukali. Lakini ukweli wa namba ni kwamba hata Marekani, ambako michezo ya sekondari ni mikubwa kuliko karibu popote duniani, wanaoshiriki ni kama milioni 8, na wanaocheza vyuoni chini ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo kule, ni laki 5 na kitu tu, na kutoka hapo kwenda kulipwa ni wachache mno. Cheti cha shule kitamhusu huyu kijana kwa uhakika, mpira utamhusu kwa bahati. Na kama kweli ana kipaji, mechi moja haiwezi kukiua. Kinachoua vipaji vingi, na kocha yeyote mkweli atakuambia, ni kijana kufika kiwango cha juu akiwa amezoea kwamba yeye sheria huwa zinamsubiri.

Hoja ya pili ni nzito kidogo, kwamba wiki 2 ni adhabu kali mno kwa karatasi ndogo ya mtihani wa ndani. Inawezekana wako sahihi kabisa. Ila kanuni kali inarekebishwa mapema, kwa wote, kwenye kikao, haiwezi kurekebishwa kwa simu wiki ya mechi kwa ajili ya mtoto mmoja. Texas waliweka sheria mwaka 1984 kwamba mwanafunzi akifeli somo, chini ya 70, hachezi kwa wiki 6. Ilileta kelele kubwa, jimbo lile mpira wao wa Marekani ni kama dini, na mwaka 1995 wakaipunguza ikawa wiki 3. Waliona ni kali, wakakaa, wakaibadili kwa kila mwanafunzi wa jimbo. Hilo ndo jibu lako kwa mwenyekiti. Mwambie kwa heshima zote: mzee, kama bodi inaona wiki 2 ni nyingi, naomba tuiweke kwenye ajenda ya kikao kijacho, mkiibadili nitaitekeleza kwa wanafunzi wote kuanzia siku hiyo. Halafu mwombe kama ana agizo kuhusu kesi hii, alilete kwa maandishi. Mara nyingi mambo ya simu huwa hayafiki kwenye karatasi.

Kocha sasa. Usimwite ofisini akae upande ule wa meza kama mtuhumiwa. Nenda wewe, mfuate uwanjani au kwenye stoo yake ya vifaa, baada ya mazoezi vijana wakishaondoka. Mwambie kabla kamati haijatangaza, asisikie kwa mtu. Usianze na hotuba ya maadili, anaijua. Mwambie, "kocha, huyu hatacheza, na najua nakugharimu, naomba tupange tunavyokwenda nusu fainali bila yeye, unahitaji nini kutoka kwangu?" Na anachohitaji, kama ni cha halali, kipatikane kweli, usafiri wa mapema, mwalimu wa somo awaruhusu vijana nusu saa, mipira miwili zaidi. Atakasirika siku hiyo, mwache akasirike. Watu wa michezo wanaelewa kadi nyekundu kuliko mtu yeyote. Hakuna kocha aliyewahi kumwambia refa ampe mchezaji kadi baada ya fainali.

Kuna mfano mmoja nautumia sana nikiongea na wakuu. Januari 1999, kule Richmond, California, kocha wa mpira wa kikapu wa sekondari, Ken Carter, alikuwa na timu iliyoshinda mechi 13 bila kupoteza hata moja. Alikuwa amesaini mkataba na wachezaji wake kuhusu maksi, mahudhurio, kukaa viti vya mbele darasani. Ripoti za walimu zikaja, wachezaji 15 hawajatimiza. Akafunga ukumbi wa mazoezi kwa kufuli, akawapeleka maktaba, wote, mpaka waliokuwa wametimiza, na mechi zikapita hawajacheza. Lawama zilikuwa nyingi, wengine walimwona anawanyang'anya vijana kitu pekee wanachokiweza. Watu huwa wanakumbuka kufuli. Mimi nakumbuka mkataba, ulikuwepo tangu mwanzo wa msimu, umesainiwa, kila mtu aliujua, na aliyeutekeleza ni kocha mwenyewe, si mkuu wala bodi. Kwako kuna kanuni ila haina kocha ndani yake. Hiyo ndo kazi yako ya muhula ujao, na ndo nusu ya pili ya swali lako.

Kwa hiyo mashindano yakiisha, mkishinda au mkifungwa, kaa na kocha muandike pamoja masharti ya mchezaji wa timu ya shule, ukurasa mmoja tu usizidi. Mahudhurio, kazi za darasani, mitihani, nini kinafanyika mtu akiteleza na anarudije. Wasaini mchezaji, mzazi, kocha na wewe kabla msimu haujaanza. Kila baada ya wiki mbili mwalimu wa taaluma ampe kocha orodha ya wachezaji na maendeleo yao, ili kocha ajue mapema kwamba kipa wake anazama kwenye hesabu wakati bado kuna muda wa kumsaidia, maana shule nyingi kocha anajua siku majina yanapelekwa. Mwingize kocha kwenye vikao vya taaluma, awe mjumbe kamili. Huyu mtu anawaona vijana alfajiri na jioni, anajua nani hajala, nani nyumbani kwao kumeharibika, nani ameanza kubadilika tabia. Taarifa hizo ofisi yako haina na haitazipata paredi.

Majina ya wachezaji usisaini bila kuangalia vyeti vya kuzaliwa na rejista ya darasa. Mamluki wasio wanafunzi wa shule na vijeba waliozidi umri wakigundulika, sahihi iliyopo pale chini ni yako, na shule nzima itajifunza kwamba kumbe kughushi kunaruhusiwa ukiwa na sababu nzuri. Hapo ndo utakosa pa kusimama siku ya kumwadhibu mtoto mwenye karatasi kwenye soksi. Hesabu za safari na jezi nazo ziwekwe wazi kwa kamati, muhula kwa muhula. Hilo halihitaji maneno mengi.

Halafu usije ukaanza kuichukia michezo kwa sababu ya wiki hii mbaya. Nimeona wakuu wanafanya hivyo, wanapunguza muda wa mazoezi kimyakimya, wanakata bajeti, na wanajiona wanalinda taaluma. Marekani walipopitisha sheria ya mwaka 1972 ya kuzuia ubaguzi wa kijinsia kwenye elimu, Title IX, wasichana waliokuwa wanacheza sekondari walikuwa chini ya laki 3, leo ni zaidi ya milioni 3. Mchumi Betsey Stevenson alichambua ilivyokuwa kwenye majimbo, akaonyesha mwaka 2010 kwamba pale ushiriki wa wasichana ulipopanda kwa pointi 10 za asilimia, wanaokwenda chuo walipanda kwa kama pointi 1, na wanaoingia kwenye ajira kwa pointi 1 hadi 2. Michezo yenyewe ilikuwa na mkono hapo. Kwa hiyo angalia na hili kwenye shule yako, hayo mamlaka makubwa ya mpira yanawafikia wangapi? Kama ni vijana 22 na wengine mia kadhaa ni washangiliaji tu, na wasichana wana mpira mmoja wa netiboli uliochakaa, tatizo lako halitakuwa kwamba michezo imezidi, litakuwa kwamba imebaki ya wachache.

Na lile swali nililosema nitalirudia, ofisi yako inawapa watu nini cha kufurahia pamoja. Coleman mwenyewe alipendekeza shule zishindane na kwenye masomo, shule kwa shule, ili anayejua hesabu awe anapigania wenzake badala ya kuwashinda. Anza na kidogo, mdahalo na shule jirani, timu ya hesabu, sayansi, na uwape vilevile basi, wimbo na watu wa kuwasindikiza. Muombe kocha akusaidie kuwaandaa, namaanisha kabisa, anajua kumfundisha mtu kutulia kabla ya mechi kuliko walimu wengi.

Siku ya nusu fainali uende. Usitume makamu. Ufike mapema, ukae na wanafunzi juani, ukae mpaka filimbi ya mwisho, na mkifungwa ushuke uwape mkono vijana mmoja mmoja na kocha. Usipoonekana watasema mkuu alitaka tufungwe, na hata ukikanusha mwaka mzima hutaaminika. Kwa walimu, kikao cha dakika tano kinatosha, kamati imeamua hivi kwa kanuni hii, asanteni mliosimamia, tuendelee. Paredi usimtaje kijana, kosa lake lina adhabu yake na kuaibishwa mbele ya shule hakumo kwenye hiyo kanuni.

Kijana umwambie wewe. Ukimwachia kocha utakuwa umemtwisha maamuzi ambayo si yake, na kijana atapata nafasi ya kubembeleza mahali ambapo hapana jibu. Mzazi awepo, kocha awepo ila asiwe wa kwanza kuongea. Muite kwa jina lake, mwambie kosa, mwambie adhabu, mwambie nafasi yake ya darasani na ya kwenye timu haijachukuliwa na mtu. Muulize kwa nini aliona anahitaji ile karatasi, na umsikilize, maana mara nyingi utakuta ni somo ambalo amekosa vipindi vingi kwa sababu ya safari za timu, na hapo shule nayo ina deni la kumlipa, mpangieni mwalimu. Apewe kazi za wiki hizo mbili kwenye daftari aende nazo. Mkimaliza, toka wewe, waachie yeye na kocha dakika kumi. Barua atakayoondoka nayo iandikwe tarehe ya kurudi darasani na tarehe ya kurudi mazoezini, zote mbili.